Nani Anayetunga Michezo ya Watoto Wetu?

Mwalimu anayetaka kujua mwanafunzi wake huamini shujaa ni mtu wa namna gani hana haja ya kumwuliza. Ampe karatasi tupu, amwambie abuni nchi ambayo haimo katika atlasi, kisha abuni na mtu atakayesafiri ndani ya nchi hiyo. Jibu litajitokeza lenyewe. Kwa miaka mitatu sasa nimelifanya zoezi hili kila Jumamosi pamoja na wanafunzi wa sekondari wa hapa Kinoo, na kila mwaka unapoanza napokea nchi zile zile: ngome za mawe, misitu ya misonobari, theluji hadi magotini, na mashujaa wenye macho ya buluu wanaoitwa Arthur na Elena. Theluji pekee ambayo watungaji hawa wamewahi kuiona ni ile ya Mlima Kenya, tena kwa mbali, asubuhi ambayo mawingu yamefanya hisani.

Siwacheki. Wanatunga kwa yale waliyolishwa. Swali ninalotaka kulizua mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi ni hili: ni nani waliowalisha, na kwa nini sisi wengine hatukuwamo jikoni?

Mchezo tunaoucheza naweza kuuita mchezo wa masimulizi ya mezani. Wachezaji wanne au watano huketi kuizunguka meza. Mmoja wao ni msimulizi. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, ambaye nguvu zake, ujuzi wake na udhaifu wake vimeandikwa katika karatasi. Msimulizi atasema kwamba mmefika mtoni, daraja limebebwa na maji, na ng'ambo kuna mtu anayewapungia mkono. Hapo kila mchezaji hueleza mhusika wake atafanya nini. Jambo likiwa na shaka, dadu ndiyo huamua. Dadu yenye pande 20, ambayo hutumika sana katika michezo hii, haipatikani katika maduka ya mtaa wetu, kwa hiyo tumeandika nambari juu ya vizibo 20 vya soda na kuvitia mfukoni. (Mwenzangu anayefundisha hisabati hutukumbusha kila mara tukirudishe kizibo kabla ya mwingine kuchomoa, la sivyo uwezekano unabadilika. Wanafunzi wameliingiza somo hilo akilini upesi kuliko walivyofanya darasani.)

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons, ulichapishwa Marekani mwaka 1974. Waliouandika, Gary Gygax na Dave Arneson, walikuwa wapenzi wa michezo ya vita ya kusogeza vijisanamu, mmoja katika jimbo la Wisconsin na mwingine Minnesota. Walichota katika hekaya za Ulaya na katika riwaya za mapanga na uchawi walizozisoma. Hakuna ubaya wowote hapo. Mtu hufinyanga kwa udongo wa kwao. Tatizo lilikuja baadaye, pale udongo huo ulipodhaniwa kuwa ndio udongo wa dunia nzima. Vizazi viwili vya wachezaji vikalelewa kwa kanuni zilizosema kwamba kuna viumbe ambao kabila lao zima ni waovu tangu kuzaliwa, na kwamba kuwaua hakuhitaji sababu. Mwaka 2020 kampuni yenye mchezo huo ilikiri hadharani kwamba baadhi ya maelezo hayo yalifanana mno na maneno ambayo binadamu halisi wamesemewa na wanaendelea kusemewa, na mwaka 2022 ikatangaza kuacha kutumia neno "mbari" katika kanuni zake. Mwalimu wa historia aliyewahi kusoma vitabu vya kikoloni juu ya makabila yetu, lipi "la kivita" na lipi "la hila", hatahitaji ufafanuzi zaidi.

Na Afrika je? Mwaka 2002 kampuni ya Kimarekani ya Atlas Games ilitoa kitabu kinachoitwa Nyambe, kilichotungwa na Chris Dolunt, kuhusu bara la kubuni lililochotwa katika ngano za Kiafrika. Mwaka 2012 Mmarekani mwingine, Kevin Crawford, akatoa Spears of the Dawn, chenye dola zinazokumbusha Mali na Songhai. Wako watakaosema kwamba watu hawa hawakuwa na haki ya kutuandika. Mimi sikubaliani nao. Mgeni aliyejitahidi kusoma habari zetu na kuzitia katika mchezo ametenda jambo ambalo wengi wetu hatukujisumbua kulitenda. Malalamiko yangu hayamhusu mgeni aliyeandika kitabu. Yanahusu rafu ambayo kwa miaka mingi, kila mchezaji aliyetaka kuikuta Afrika, alikuta karibu vitabu vya wageni watupu. Mwenye kusimuliwa peke yake, bila kusimulia, huishia kujifunza sura yake kwa mtu mwingine.

Katika watu weusi wa Marekani palikuwa na mtangulizi mmoja mkubwa, Mike Pondsmith, ambaye mchezo wake wa Cyberpunk ulitoka mwaka 1988 na baadaye ukaenea duniani hata kwa wasiojua jina lake. Lakini kwa muda mrefu alionekana kama mti mmoja mbugani. Mlango ulifunguka zaidi katika miaka ya karibuni, na waliousukuma ni watunzi huru, yaani wale wasiosubiri kampuni kubwa iwakubalie. Chris Spivey aliandika Harlem Unbound mwaka 2017, akauweka mchezo wa kutisha katika Harlem ya miaka ya 1920, na kuwafanya watu weusi kuwa wenye hadithi badala ya kuwa kivuli kando ya njia. Mwaka 2021 Connor Alexander, Mcheroki, pamoja na wenzake wa jamii asilia za Amerika, waliomba mchango wa umma ili kuchapisha Coyote & Crow, mchezo unaouliza Amerika ingekuwaje kama wakoloni wasingeifikia kamwe; walichangiwa zaidi ya dola milioni moja. Mwaka uliofuata wenye Dungeons & Dragons wenyewe wakatoa kitabu cha safari 13, Journeys through the Radiant Citadel, kilichoandikwa chote na watunzi wasio Wazungu. Ni vigumu kuamini kwamba hilo lingetokea kama watunzi huru hawakuwa wametangulia kuonyesha kwamba wasomaji wapo na pesa zipo.

Mfano unaonigusa zaidi, hata hivyo, unatoka Malaysia. Zedeck Siew na mchoraji Mun Kao walikuwa wakitoa vijitabu vyembamba kwa jina A Thousand Thousand Islands, kila kimoja kikieleza mahali pa kubuni palipojaa mito, mamba, masoko na mizimu ya Kusini-Mashariki mwa Asia. Hawakuandika kitabu kinene cha kushindana na Wamarekani. Waliandika kijitabu, kisha kingine. Kazi ya namna hiyo iko ndani ya uwezo wa mwalimu yeyote mwenye kompyuta ya shule na mwanafunzi mmoja anayejua kuchora.

Nimewahi kuambiwa, tena na mwalimu ninayemheshimu, kwamba mchezo wa namna hii si wa kwetu na kwamba tungewaachia wenyewe. Jibu langu ni kwamba huenda hakuna nchi iliyo na haki ya kuudai kuliko hii tuliyomo. Hapa Kinoo tunakaa katika ardhi ambayo ilikuwa na gicaandi. Huo ulikuwa mchezo wa mashairi ya mafumbo miongoni mwa Wagikuyu: kibuyu kilichochorwa alama, wachezaji wawili wanaopokezana beti, kila mmoja akimtegea mwenzake fumbo, na anayeshindwa kulifumbua hukabidhi kibuyu chake. Alama zilizochongwa juu ya kibuyu zilikuwa msaada wa kumbukumbu, kama karatasi ya mhusika ilivyo kwa wanafunzi wangu. Ngũgĩ wa Thiong'o alimpa mchezaji wa gicaandi kazi ya kuisimulia riwaya yake ya Caitaani Mũtharaba-inĩ, iliyotoka mwaka 1980, na Kimani Njogu ameuchambua utanzu huo kitaaluma. Pamoja na hayo, nikiwauliza wanafunzi thelathini wa Kinoo gicaandi ni nini, nitabahatika nikipata mikono miwili.

Pwani nako kuna bao. Mashimo 32, kete 64, awamu ya namua na awamu ya mtaji, na wachezaji ambao hukokotoa mizunguko mingi ya kete kichwani bila kugusa shimo. Mholanzi Alex de Voogt alitumia miaka akiwafuatilia mabingwa wa Zanzibar, na mwaka 1995 akatoa utafiti mzima juu ya uwezo wa akili zao. Tena mwandishi ni mgeni, na tena namshukuru. Wajaluo wana ajua, na Wagikuyu wana giuthi. Hatuna uhaba wa michezo. Tuna uhaba wa watu waliozoea kuandika jina lao chini ya mchezo na kusema, huu nimeutunga mimi.

Sasa tuyatazame mambo ya fedha, kwa sababu uwakilishi usio na fedha ni maneno matupu. Vitabu vitatu vya msingi vya toleo la Dungeons & Dragons la mwaka 2014 vilitolewa kwa bei ya dola 49.95 kila kimoja. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hizo ni zaidi ya shilingi 19,000 kabla ya kulipia usafirishaji. Hiyo si bei ya mtoto wa Kinoo, wala si bei ya mwalimu wake. Afadhali mlango mmoja ulifunguka Januari 2023: baada ya kampuni hiyo kujaribu kubana leseni ambayo watunzi huru waliitegemea tangu mwaka 2000, ghadhabu ya wachezaji iliilazimisha kurudi nyuma, na kanuni za msingi zikatolewa kwa leseni huria. Yeyote anaweza kujenga juu yake bila kumwomba mtu ruhusa, awe Indianapolis au Muthiga.

Kujenga ni jambo moja, na kuchapisha ni jingine. Michezo mingi ya watunzi huru huzaliwa kupitia tovuti ya Kickstarter, ambamo umma huchanga kabla kitabu hakijachapishwa. Orodha ya nchi ambazo mtunzi anaweza kuwa mkazi wake ili afungue mchango huko ina Marekani, Uingereza, Japani, Mexico, Singapore na nyinginezo. Haina hata nchi moja ya Afrika. Mkenya mwenye kadi ya benki anaweza kumchangia mtunzi wa Toronto leo hii. Mtunzi wa Toronto hawezi kumchangia yeye. Tunaruhusiwa kuchanga, haturuhusiwi kuchangiwa. Ndiyo maana The Wagadu Chronicles, mchezo wa kompyuta wenye kitabu chake cha mezani uliojengwa juu ya ngano za Kiafrika, ulichangiwa mwaka 2020 kupitia studio iliyokuwa Berlin. Anwani ya Nairobi isingekubaliwa. Watunzi wanapokutana Indianapolis kila mwaka katika maonyesho makubwa ya Gen Con, ambako ndiko mikataba huzaliwa, Mkenya hana budi kwanza kupanga foleni ya viza.

Haya ndiyo yanayonifanya nisivumilie sana hotuba zinazosema kwamba Waafrika "hawajavutiwa" na utunzi wa michezo. Mtu aliyefungiwa nje haulizwi kwa nini hakuja karamuni.

Hata hivyo, si kila kufuli limetiwa na mgeni. Kule Abuja, Nigeria, Kenechukwu Ogbuagu na kampuni yake ya NIBCARD Games wamekuwa wakibuni na kuchapisha michezo ya mezani nyumbani kwao, na kuandaa kongamano la wachezaji liitwalo AB Con, bila kungoja orodha ya mtu. Sisi Wakenya tuna M-Pesa tangu mwaka 2007, na tangu 2012 tuna M-Changa, ambako harambee hufanywa kwa simu. Tunachangia mazishi, hospitali na karo, na vyema tufanye hivyo. Kitabu cha mtunzi kijana bado hakijaingia katika hesabu ya mambo yanayochangiwa. Serikali nayo, kwa sheria ya mwaka 2013, iliamua kutoza vitabu kodi ya asilimia 16, kana kwamba vilikuwa bia.

Nije kwenye jambo ambalo hunikosesha usingizi kuliko Kickstarter. Tuseme milango yote imefunguka na Wakenya wanatunga. Wakenya gani? Kinoo iko katika kaunti ya Kiambu, lakini nyumba zake za kupanga zimejaa watu kutoka kila pembe ya nchi. Katika mwaka wa pili wa klabu yetu, Arthur na Elena walipoanza kupungua, mahali pao palichukuliwa karibu pote na mashujaa wa Kigikuyu, milima ya Kigikuyu na mazimwi ya Kigikuyu. Nilifurahi, kisha nikatazama meza kwa makini. Mle mlikuwa na msichana ambaye wazazi wake walihamia hapa kutoka Mandera. Katika hadithi tatu mfululizo zilizotungwa na wenzake, mhusika mwenye jina la Kisomali alikuwa mwizi wa mifugo, kisha haramia, kisha mfanyabiashara mdanganyifu. Hakuna aliyekusudia kumwumiza. Walitunga kwa yale waliyolishwa, kama nilivyosema hapo juu. Jumamosi ya nne hakuja.

Aliporudi, baada ya mazungumzo marefu na mama yake, nilimwomba akae katika kiti cha msimulizi. Aliandika mchezo ambao hauna upanga hata mmoja. Kila mchezaji ni kaya yenye mifugo, kisima ni kimoja, na dadu huamua mvua. Kaya inayochota kupita zamu yake hupona mwezi huu na kukosa mkwe mwezi ujao. Wavulana waliokuwa wakimwona kimya waligundua kwamba katika mchezo wake hawajui kuishi. Mifugo yao ilikufa kabla ya mzunguko wa tano, na walibishana juu ya haki ya kisima hadi mlinzi akaja kutufungia mlango. Waliokuwa na akili timamu mwanzoni mwa mwaka 2008 wanakumbuka nchi hii ilifika wapi kwa sababu ya majina ya watu. Sidai kwamba vizibo vya soda vingeizuia balaa ile. Nadai tu kwamba sijaona zoezi jingine la darasani ambamo kijana wa kijiji hiki analazimika kwa saa mbili kutafuta maji kwa akili ya mtu wa Mandera, tena chini ya usimamizi wa mtu wa Mandera.

Kwa wasichana kwa jumla, urithi wetu wenyewe hautusaidii sana. Bao, kwa fahari yake yote, limechezwa barazani na wanaume, na wanawake walipita wakiwa na vikapu. Tukitaka kuurithi mchezo si lazima tuurithi na mpangilio wa viti. Katika klabu yetu kiti cha msimulizi huenda kwa zamu, msichana kisha mvulana, na kanuni hiyo haijadiliwi. Mwanzoni wavulana walinung'unika. Siku hizi hunung'unika zamu ya wasimulizi wabovu tu, wa jinsia yoyote.

Najua pia kwamba wako walimu wakuu watakaoogopa. Mchezo wenye mazimwi na uchawi! Nchini Marekani katika miaka ya 1980 wazazi na wahubiri waliushambulia kama mlango wa ushetani. Sisi wenyewe mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti yake ikafika Bungeni mwaka 1999; waliokuwa shuleni enzi hizo wanakumbuka minong'ono ya mabwenini. Hofu hiyo haijafa. Wazazi wawili waliniletea, na niliwakaribisha waketi wacheze. Zimwi la siku hiyo lilikuwa lile lile ambalo bibi zao waliwasimulia wakiwa wadogo, na mmoja wao alimsahihisha msimulizi kuhusu idadi ya vidole vyake.

Basi, nina maombi machache. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya chini mwaka 2019, umetenga katika sekondari ya juu mkondo mzima wa sanaa na michezo. Walimu wa mkondo huo waupe utunzi wa michezo nafasi kando ya uigizaji na uchoraji, na wenzao wa Kiswahili wasisite kuutumia katika insha na fasihi simulizi. Mwanafunzi anayeandika kanuni za mchezo kwa Kiswahili hulazimika kuandika sentensi isiyo na utata, maana utata ukibaki wenzake watagombana mezani. Hakuna mtihani wa sarufi ulio mkali zaidi.

Ombi la pili ni kwa waandalizi wa tamasha la kitaifa la drama la shule, ambalo limekuwapo tangu mwaka 1959 na ambalo limepanuka hata kukumbatia filamu. Wafungue kitengo cha michezo ya masimulizi iliyotungwa na wanafunzi, na waweke sharti kwamba kila kundi litoke na watunzi wa jamii zaidi ya moja. Klabu yetu imeshaandaa pendekezo la kurasa 12, na mifano mitatu ya michezo imeambatishwa. Mchezo wa kisima ndio wa kwanza, na jina la mtunzi wake limeandikwa juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi kubwa, kama alivyotaka mwenyewe.